Anzia Mkono wa Fundi Ulipopita

Gari langu liliingia gereji kwa ajili ya klachi, likatoka na ugonjwa wa kutowaka. Klachi yenyewe ilikuwa safi, nyepesi mguuni kama ya gari jipya. Lakini asubuhi ya pili nilipozungusha ufunguo, stata ilijivuta kama mtu aliyeamshwa usingizi haujaisha, taa za dashibodi zikafifia, kisha kimya. Jirani akanibusti, likawaka. Kesho yake hivyohivyo. Kila aliyesimama kutazama alikuwa na jibu moja: betri imekufa hiyo, bosi. Nikanunua betri mpya. Baada ya siku mbili stata ikarudia kujivuta, na washauri walewale wakahamia kwenye stata.

Aliyemaliza kesi ni fundi umeme mmoja wa makamo, na hakugusa betri wala stata. Alichukua waya wa kubustia, akabana ncha moja kwenye hasi ya betri na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, akasema, "Haya, washa." Likawaka kwa mpigo mmoja. Ndipo akaingia uvunguni na tochi, akakuta mkanda wa waya unaounganisha gia boksi na bodi unaning'inia bila bolti. Klachi haibadilishwi bila kushusha gia boksi. Iliposhushwa, waya ule ulifunguliwa, iliporudishwa, ulisahaulika.

Tangu siku hiyo, gari likitoka gereji na kasoro ya umeme ambayo halikuingia nayo, sianzi pale dalili inapoonekana. Naanzia mkono wa fundi ulipopita. Dalili yangu ilikuwa kwenye stata, kosa lilikuwa kwenye gia boksi, na kilichonionyesha kwamba vinahusiana ni tarehe tu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi si "umetengeneza nini?" Hilo jibu lake unalo kwenye risiti. Muulize: "Ili ukifikie kile kifaa, ulifungua nini na nini?" Jibu la swali hili ndilo ramani yako. Aliyebadilisha filta ya kiyoyozi huenda alitoa kisanduku cha dashibodi, na nyuma yake kuna nyaya. Aliyebadilisha taa ya mbele huenda alishusha bampa. Aliyesafisha viti huenda alivifungua vyote. Kila kilichofunguliwa kina soketi, bolti au waya ambao ulitakiwa kurudi mahali pake.

Haki itendeke pia. Magari mengi yanayopita barabarani kwetu yalishatumika Japani miaka mingi kabla ya kuja kutumika huku miaka mingine mingi. Plastiki ya soketi zake imekauka kama bua la mahindi. Ukiigusa inavunjika hata kama mkono ni wa malaika. Betri iliyokuwa inachechemea inaweza kukata roho siku hiyohiyo ilipofunguliwa. Fundi anaweza kuwa ameigusa kasoro bila kuwa ameizalisha. Lakini hata hapo, mahali pa kuanzia kutafuta ni palepale.

Kabla hujafungua boneti, kaa ndani ya gari dakika tano na karatasi. Andika kilichokufa na kinachofanya kazi. Vitu vinavyokufa pamoja hula sahani moja: ama fyuzi moja, ama ethi moja, yaani waya uliofungwa kwenye chuma cha gari. Kwenye Toyota nyingi, taa ya ndani ikizima, saa ikarudi mwanzo na redio ikasahau vituo vyake, usihangaike na balbu. Tafuta fyuzi iliyoandikwa DOME. Taa ya breki ikifa peke yake huku taa nyingine za nyuma ziko sawa, angalia fyuzi yake na swichi iliyo juu ya pedeli, hasa kama fundi alikuwa amelala chini ya usukani.

Fyuzi ziko sehemu mbili kwa kawaida: chini ya dashibodi na karibu na betri. Rangi zake zina maana. Nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Usiamini jicho peke yake, maana fyuzi inaweza kupasuka ndani kwa ufa usioonekana. Washa swichi, gusa kwa taa ya testa vile vidoti viwili vya chuma vilivyo mgongoni mwa fyuzi bila hata kuichomoa. Testa ikiwaka upande mmoja na kugoma upande wa pili, fyuzi imekatika. Weka nyingine ya rangi ileile. Ikikatika tena papo hapo, kuna waya unaogusa chuma mahali fulani: umebanwa chini ya bolti, umekatwa na reli ya kiti, au skurubu ya bampa jipya imeuchoma. Usimruhusu mtu aweke ya ampea 30 penye ya 10, wala karatasi ya pakiti ya sigara. Fyuzi ikikataa kukatika, waya ndio utakaoungua, na waya unapita chini ya zulia na chini ya viti.

Sasa kuna kundi la malalamiko ambayo si ubovu kabisa, na hapa ndipo watu hupoteza hela nyingi bila sababu. Fundi makini hufungua hasi ya betri kwa spana namba 10 kabla ya kushika umeme. Betri ikirudishwa, gari linakuwa limesahau mambo.

Linasahau sailensi, yaani ule mzunguko wa injini gari likiwa limesimama. Kompyuta ilikuwa imejifunza taratibu kufidia masizi yaliyojaa kwenye mlango wa hewa. Ikifutwa kumbukumbu inarudi kwenye hesabu za kiwandani, na gari linaanza kuzimika kwenye mataa, hasa kiyoyozi kikiwashwa. Mara nyingi dawa ni subira. Washa injini ipate moto bila kuwasha kitu kingine, iache dakika kumi hivi, kisha washa kiyoyozi uiache tena, halafu liendeshe kawaida siku moja mbili. Aina nyingine zinahitaji mashine ili zifundishwe upya. Kama fundi aliusafisha huo mlango wa hewa, mambo yanaweza kuwa kinyume, sailensi ikapanda juu, na tiba inafanana. Asikuuzie kifaa kizima kabla gari halijapewa nafasi ya kujifunza.

Linasahau vioo pia. Kioo cha dereva kilichokuwa kikipanda chenyewe sasa kinataka kushikiliwa. Kwenye Toyota nyingi, kishushe nusu, kipandishe, na kikifika juu endelea kuvuta swichi sekunde mbili tatu. Basi.

Na redio. Hili limewapata wengi walioagiza gari kutoka Japani: betri imefunguliwa, redio inawaka na maandishi ya Kijapani, haipigi muziki wala haionyeshi kamera ya nyuma. Haijaungua. Inaomba kadi ya ramani, ile kadi ndogo ya SD ambayo pengine ilichomolewa kabla gari halijafika bandarini, au inaomba namba ya siri. Ndiyo maana nikipeleka gari gereji naangalia kwanza kama kadi ipo, na kama haipo nasema mapema: "Fundi, redio hii ikikosa umeme inajifunga." Anaweza kushikiza betri ya pili sambamba kabla hajafungua ya kwanza. Gari linalodaiwa namba ya siri limekufungulia gharama nyingine kabisa.

Tukirudi kwenye ubovu wa kweli, kinara wake ni soketi isiyorudishwa au iliyorudishwa nusu. Soketi ya gari huwa na ulimi unaolia "tak" ikikaa vizuri. Usiposikia, vuta kidogo; ikitoka, haikuwa imekaa. Taa ya cheki enjini ikiwaka baada ya sevisi ndogo tu, ya oili na filta, nenda moja kwa moja kwenye ea klina. Juu ya bomba lake kuna soketi ya kihisi kinachopima hewa inayoingia, na fundi huichomoa ili apate nafasi ya mkono.

Hapa kifaa cha kusoma kodi za hitilafu kinasaidia, ila kwa sharti kwamba unajua kukisoma. Kodi ni ushahidi, si orodha ya vitu vya kununua. Kwenye Toyota nyingi kihisi cha kupima wingi wa hewa na kile cha joto la hewa viko kwenye kifaa kimoja chenye soketi moja. Ukikuta P0102 na P0113 zimekuja pamoja, ya kwanza inalalamika hewa haipimwi na ya pili inalalamika saketi ya joto iko wazi. Vihisi viwili kufa mchana mmoja ni miujiza. Soketi moja kusahaulika ni jambo la kawaida. Hali kadhalika P0118 baada ya kubadilisha thamostati: kabla ya kununua kihisi cha joto la maji, angalia soketi yake. Na P0171, inayosema petroli ni kidogo kuliko hewa, ikija baada ya ea klina kufunguliwa, kagua bomba la hewa na klipu zake. Huenda hewa inaingia pembeni bila kupimwa. Iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, muuza spea hatakuuliza kama umeangalia soketi. Hiyo si kazi yake.

Nati na bolti za ethi nimeshazigusa, lakini zinastahili maneno zaidi, kwa sababu kasoro zake zinaudhi kuliko zote. Umeme wa gari hutoka chanya ya betri kwa waya na kurudi hasi kupitia chuma. Injini na gia boksi zimekalia mipira, kwa hiyo daraja lake la kurudishia umeme ni ule mkanda wa waya. Stata inavuta zaidi ya ampea 100. Daraja likikosekana, umeme wote huo hujipenyeza kwenye njia nyembamba: kebo ya gia, kebo ya akselereta, waya mdogo wa kihisi. Ukisikia kebo ina moto baada ya kupiga stata, umeshapata jibu. Mwenye mita aweke ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mwenzake apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ina kasoro. Asiye na mita ana ule waya wa kubustia wa fundi wangu.

Ethi ina adui mwingine, naye ni rangi. Gari limegongwa nyuma, limenyooshwa bodi, limepigwa rangi linang'aa. Usiku ukikanyaga breki, indiketa inafifia, taa za paki zinawaka kidogo, ukiwasha indiketa taa ya breki nayo inapepesa. Watu hubadilisha balbu mpaka wachoke. Kilichotokea ni kwamba ethi ya taa za nyuma imefungwa juu ya rangi mbichi, na rangi haipitishi umeme, hivyo umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu za jirani. Fungua bolti ile, kwangua kwa msasa mpaka chuma cheupe kionekane, funga, kisha paka grisi kidogo juu yake kuzuia kutu. Kwa sisi tunaokaa Pwani, hiyo grisi si anasa. Kama balbu zenyewe zilibadilishwa, angalia pia isije ikawa yenye waya mmoja imelazimishwa mahali pa yenye waya mbili, ya wati 21 na 5. Nayo huleta vituko hivihivi.

Kazi za magurudumu huacha taa ya ABS. Nyuma ya kila gurudumu kuna kihisi chenye waya unaopita karibu na breki na shoki. Baada ya kubadilisha beringi au breki pedi, waya huo huachwa ukining'inia, ukasuguliwa na tairi mpaka ukakatika. Kwenye jointi ya shafti kuna jambo la ziada: gari nyingi zina pete yenye meno ambayo kihisi huyahesabu. Dukani ziko jointi za ABS na zisizo za ABS, zinafanana na zinaingia vilevile. Ukifungiwa isiyo na pete, gari litatembea vizuri na taa haitazimika maisha.

Soketi za rangi ya njano chini ya viti na kwenye usukani ni za mifuko ya hewa. Hizo usizipime kwa mita, usizichezee kwa testa. Taa ya SRS ikiwaka baada ya viti kutolewa kwa ajili ya kufuliwa au kushonewa kava, mara nyingi ni kwamba mtu alizungusha ufunguo viti vikiwa nje. Soketi ikisharudishwa, kosa linabaki kwenye kumbukumbu mpaka lifutwe kwa mashine. Mwachie fundi anayejua, aondoe hasi ya betri na asubiri. Toyota wenyewe husema sekunde 90 kabla ya kushika chochote. Honi ikifa pamoja na taa hiyo baada ya kazi ya stelingi, ule utepe wa waya uliojiviringisha ndani ya usukani umekatika kwa sababu usukani uliachwa uzunguke ovyo.

Injini iliyooshwa kwa maji ya presha ikaanza kumisi, isiendeshwe kwa nguvu. Maji yameingia kwenye koili. Zichomoe, zikaushwe kwa upepo wa kompresa, zirudishwe. Sioni sababu ya kuosha injini hivyo hata siku moja, lakini najua mtaendelea.

Gari linalowaka mchana na kufa likilala lina kitu kinachonyonya betri usiku: alamu iliyofungwa jana, kifaa cha kufuatilia gari, amplifaya ya muziki. Likishazimwa na kutulia nusu saa, gari zima linatakiwa kuvuta chini ya ampea 0.05. Likivuta nusu ampea, betri ya 45 inamalizika kabisa ndani ya saa 90, na stata itagoma mapema zaidi ya hapo. Pima kwa mita upande wa hasi, kwenye alama ya ampea 10, bila kupiga stata mita ikiwa imeungwa, kisha chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke.

Kipimo ambacho kila mwenye gari anapaswa kukijua ni hiki: betri iliyojaa, injini imezimwa, husoma karibu volti 12.6, injini ikiwaka, 13.8 hadi 14.5. Ikibaki 12 na kitu huku inashuka, altaneta haichaji, na baada ya gereji sababu za kwanza ni soketi yake kusahaulika au fyuzi kubwa kuungua kwa kugeuza betri au kuidondoshea spana. Nakusihi usimwache mtu apime altaneta kwa kuchomoa betri injini ikiwa inawaka. Mtindo huo ni wa magari ya babu zetu. Kwenye gari la leo volti huruka ghafla, na kompyuta ndiyo inayolipa.

Ukishajua unachokijua, rudi kwa fundi yuleyule kabla ya kumpa mwingine afungue tena, isipokuwa kama kuna harufu ya kuungua. Hapo fungua hasi ya betri na gari lisiondoke. Namna ya kusema ina uzito. "Umeniharibia gari" inamfanya ajitetee, na anayejitetea hatafuti kosa. "Shikamoo fundi, tangu juzi nitoke hapa taa ya ABS haizimiki, na ilikuwa haiwaki, naomba tuangalie pale ulipofungua" inamrudisha kwenye kazi. Wengi wao wakikumbushwa tu mahali, mkono unakwenda wenyewe kwenye ile soketi.

Na safari ijayo, piga picha dashibodi injini ikiwaka kabla hujakabidhi ufunguo. Ukija kuchukua, usiondoke hapohapo: washa, hakikisha taa za onyo zimewaka na kuzimika, jaribu honi, wipa, vioo, indiketa, na rudisha gari nyuma karibu na ukuta uone taa za breki zinavyoakisi. Inachukua dakika kumi, fundi bado ana mafuta mikononi na spana ziko chini.

Ile betri niliyoitoa bure nilimpa jirani aliyekuwa akinibusti. Mwaka wa pili huu inawasha taa za banda lake la kuku.